Rosa Mistika: kitabu kisichoisha hamu

Poleni na test huko chuo. Mimi bado niko Singida kwa BTP, upepo wa huku unavuma kama umelipwa, na jioni hakuna pa kwenda. Basi nasoma. Kuna riwaya moja naisoma kwa mara ya tatu sasa, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, na leo nawapa historia yake kidogo, maana wengi tunaijua kwa maswali ya mtihani tu.

Kezilahabi alizaliwa 1944 Namagondo, Ukerewe, na riwaya yenyewe inaanzia huko huko. Shahada yake ya ualimu aliipata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 1970, yaani alikuwa mwanafunzi wa ualimu kama sisi! Mwaka uliofuata, 1971, kitabu kikatoka. Hajafika hata miaka 30. (Sisi kazi ya semina tunaandika usiku wa mwisho.)

Wasomaji walikuwa wamezoea Shaaban Robert, ambako wema hatimaye hushinda. Hapa wakakutana na Zakaria, baba mlevi anayempiga binti yake vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anafika sekondari Mwanza bila kujua lolote kuhusu wanaume, kila kitu kinamwendea mrama. Anaenda chuo cha ualimu Morogoro, na mkuu wa chuo mwenyewe anakuwa mmoja wa wanaume zake. Mwisho anajiua.

Kikapigwa marufuku mashuleni. Basi bwana, mtu akikatazwa kitabu si ndio atakitafuta! Mama mwenye nyumba wangu, mwalimu mstaafu, anasema walikuwa wanakivalisha jalada la daftari la hesabu na kupokezana bwenini. Baadaye kikaja kuingia chenyewe kwenye vitabu vya fasihi vya sekondari, na wanafunzi wakaanza kukikariri.

Mara ya kwanza nilisoma kidato cha pili, nikamlaumu Rosa. Mara ya pili ilikuwa ya mtihani, hata sikumbuki nilihisi nini. Safari hii nimesimama mbele ya mabinti wa kidato cha tatu siku nzima, nikirudi jioni nikifungua kitabu namwona yule mkuu wa chuo. Aliyeaibika ni Rosa, aliyekufa ni Rosa. Na huku nje ya kitabu, aliyepata mimba alikuwa anafukuzwa shule hadi 24 Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba anaweza kurudi. Hiyo ni miaka 50 baada ya riwaya kutoka. Kezilahabi alikuwa ameshafariki, Januari 2020.

Mabinti wangu wawili wameshakiomba, nimewaambia wapige foleni.

Jamani, nani ana Kichwamaji? Ni yake pia, ya 1974. Nikirudi chuo nakuja kuazima, na jalada sitalichana, naahidi.