Charles New, mwandishi Mmethodisti wa Ribe

Msafiri atokaye Ribe, karibu na Mombasa, kwenda Moshi huonyesha hati zake mpakani. Charles New alipoishika njia hiyo mwaka 1871, mpaka haukuwapo. Wakoloni walianza kuuchora mwaka 1886. Ndiyo maana maisha yake ni historia ya Kenya na yetu pia.

New, mzaliwa wa Uingereza, alifika pwani mwaka 1863 kuitumikia misheni ya Wamethodisti iliyoanzishwa Ribe mwaka mmoja kabla. Alijifunza lugha za wenyeji, akahubiri, akasafiri mno kwa miguu.

Safari ya Kilimanjaro ndiyo iliyompa jina. Mmisionari Rebmann aliuona weupe wa kilele mwaka 1848, na kiongozi wake akauita "baridi" tu. (Jibu zuri, kwa maoni yangu: alitaja kile ambacho mwili unakijua.) Huko London, mwanajiografia Cooley aliyekuwa hajakanyaga huku alikana kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Agosti 1871 New aliupanda mlima huo. Viongozi wa Kichaga walirudi kwa baridi. Akabaki Tofiki, mtu wa Ribe, naye nguvu zikamwishia karibu na mwisho. New akaifikia theluji, akaivunja kwa ncha ya fimbo yake, akashuka na vipande mkononi.

Kitabu chake, Life, Wanderings, and Labours in Eastern Africa, kilitoka mwaka 1873, mwaka uleule Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. New aliilaani biashara hiyo bila kuficha. Lakini msomaji awe macho: mila za Wanyika, yaani Wamijikenda wa leo, anazipima kwa kipimo cha mhubiri, na mara nyingi anaziita ushirikina. Hata hivyo, alichokiona kwa macho alikiandika kwa makini, na Tofiki tunamjua kwa sababu New alimtaja kwa jina, jambo ambalo wasafiri wengi wa zama zile hawakuwafanyia watu wao. Ningependa kusoma simulizi ya Tofiki mwenyewe, hakuiandika.

New alirudi Moshi katika safari yake ya mwisho. Mangi Mandara, aliyempokea vizuri hapo awali, safari hii alimnyang'anya mali. Akageuka kurejea Ribe akiwa mgonjwa. Alifia njiani, Februari 1875.