Kutoka Usalama hadi Maudhui: Sheria ya Sinema ya Uingereza ya 1909

Sheria ya Sinema ya Uingereza ya mwaka 1909, iliyoanza kutumika Januari 1910, ilitokana na hofu ya moto. Filamu za wakati huo zilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi, inayowaka upesi. Kwa hiyo projekta ilitakiwa kuwekwa katika chumba kisichoshika moto, na kila ukumbi uwe na leseni ya halmashauri.

Hata hivyo, kifungu cha 2 kiliziruhusu halmashauri kuweka masharti katika leseni bila kueleza kwamba yahusu moto pekee. Halmashauri ya London ikakataza maonyesho ya Jumapili. Mwaka 1911, katika shauri dhidi ya kampuni ya Bermondsey Bioscope, mahakama iliafiki sharti hilo. Kwa nguvu ya uamuzi huo, halmashauri ziliweza kudhibiti hata maudhui. Mwaka 1912, wenye tasnia waliunda bodi yao ya ukaguzi wa filamu ili kuepuka maamuzi yanayotofautiana mji kwa mji.

Udhibiti huo, basi, haukuegemea kifungu kilichoutaja, bali neno “masharti” lililoachwa bila mipaka. Kwa watunga sera, funzo lake ni la kiisimu: neno ambalo mtunga sheria hakuliwekea mpaka, mtekelezaji huliwekea wake.