Hofu ya Paris ilivyowafikia wakimbizi wa Congo

Tarehe 13 Novemba 2015, magaidi waliua watu 130 mjini Paris na kando yake. Wengi wao walikuwa raia wa Ufaransa na Ubelgiji, lakini wawili walipitia Ugiriki katikati ya wakimbizi, wakiwa na pasipoti bandia za Siria.

Huko Marekani mabishano yakawaka. Magavana wa zaidi ya nusu ya majimbo walisema hawataki Wasiria. Tarehe 19 Novemba, wabunge 289 walikubali mswada wa kukaza uchunguzi, 137 wakakataa, Seneti haikuupitisha. Watetezi wa wakimbizi walikumbusha kwamba njia ya Marekani si ile ya mashua: mtu huhojiwa akiwa bado ugenini, alama za vidole huchukuliwa, naye wakati huo alisubiri kwa kawaida miezi 18 hadi 24.

Wacongo hawakutajwa sana. Hata hivyo, katika mwaka wa bajeti 2016 wao ndio walikuwa wengi kuliko wote: 16,370 kati ya wakimbizi karibu 85,000 waliopokelewa.

Tarehe 27 Januari 2017, Raisi Donald Trump alisimamisha mapokezi kwa siku 120, akapunguza idadi ya mwaka kutoka 110,000 hadi 50,000. Mahakama zilizuia sehemu ya amri hiyo, lakini safari nyingi zilikuwa zimekwisha vurugika. Familia zilizokimbia vita vya Kivu zikabaki kambini Uganda, Tanzania na Burundi. Kipimo cha afya na kibali cha usalama vina muda wake; muda ukipita, vinaanza upya.