Tulivyojifunza Kuuliza Kabla ya Kuweka



Katika kijitabu hiki wenzetu wameeleza habari za mikopo, ada za watoto na mabati yaliyoezekwa. Sisi tuliopewa kazi ya kuandika historia tumechagua jambo moja ambalo halionekani kwenye picha: jinsi tulivyojifunza kuchunguza mahali pa kuweka fedha ya muda mrefu, ile ambayo mtu haigusi kwa miaka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari tulikuwa nalo tangu tulipoanza mwaka 2015. Tulichokosa ni kujua kusoma daftari la yule tunayempa fedha zetu.

MIZANI YA PAMBA

Somo lenyewe si geni katika nchi hii. Wazee wetu wa Usukuma walipouza pamba enzi za ukoloni, mizani ilikuwa ya mnunuzi. Mkulima aliambiwa uzito, akapokea fedha, akarudi nyumbani na manung'uniko. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka watu wao wenyewe wasimame mizanini na kuhakiki. Katika juhudi za namna hiyo vyama vya msingi vilikua, na mwaka 1955 ikaundwa Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake. Yule mhakiki wa mizani hakuwa na kisomo kikubwa. Alijua kusoma namba, na alisimama upande wa mkulima. Basi.

SOKO LILIKUWA MBALI

Mageuzi ya uchumi yalipokuja, Bunge lilitunga sheria ya masoko ya mitaji mwaka 1994. Soko la Hisa la Dar es Salaam likasajiliwa mwaka 1996, na tarehe 15 Aprili 1998 likaanza kazi na kampuni moja tu, TOL, watengenezaji wa gesi za viwandani. Kwetu huku habari hizo hazikutugusa. Madalali walikuwa Dar es Salaam, bei ziliandikwa gazetini kwa herufi ndogo, na taarifa nyingi za hesabu zilikuwa kwa Kiingereza.

Kumbe wakati huo huo utajiri ulikuwa unachimbwa chini ya miguu yetu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka 2001. Wenye fedha London na Johannesburg walisoma taarifa za migodi hiyo kila baada ya miezi michache. Mwaka 2011 hisa za African Barrick Gold, wenye Bulyanhulu, ziliandikishwa hata Dar es Salaam. Sisi tuliona magari yakipita na vumbi lake, lakini hatukujua kwamba karatasi ya mgodi ule ule inauzwa hapa hapa nchini.

Tusidhani lakini kwamba aliyeinunua alipata raha moja kwa moja. Mwaka 2017 Serikali ilipozuia makinikia kwenda nje, bei ya hisa za kampuni hiyo, ambayo wakati huo iliitwa Acacia, ilianguka vibaya. Mwaka 2019 Barrick ilinunua hisa zote zilizobaki na jina hilo likatoka sokoni. Kuishi jirani na mgodi si kujua hesabu zake.

HISA GANI MNAYOSEMA?

Uwekezaji tulioujua sisi ulikuwa wa duara. Mama anatoa fedha ya chakula na zana kwa wachimbaji, na mwamba ukitoa, anagawiwa viroba vyake vya mawe. Usipotoa, anaambiwa asubiri. Hakuna kitabu, hakuna wa kuuliza.

Halafu lilikuwepo lile neno hisa. Katika kikundi, hisa ni kile unachoweka kila wiki, na mwisho wa mzunguko unagawiwa pamoja na faida. Tuliposikia hisa za kampuni tulidhani ni kitu hicho hicho. Mkutano mzima ulikwisha tukielezana kwamba ile ya kampuni hurudishiwi: unakuwa mmoja wa wenye kampuni, unapata gawio likitangazwa, na ukitaka fedha yako unamtafuta mnunuzi kwa bei ya siku hiyo, iwe juu au chini.

TULIPOUMIA

Lazima tuandike na haya, hata kama yanatuaibisha. Habari za DECI, ile ya kupanda na kuvuna iliyosimamishwa na Serikali mwaka 2009, tulizijua sote. Hata hivyo, mwaka 2019 walikuja watu wenye maneno matamu na karatasi zenye rangi, wakasema fedha itajizidisha mara mbili kwa siku chache. Baadhi yetu tulikopa kwenye sanduku tukawapa. Wa kwanza walilipwa kweli, na hapo ndipo wengine tukaingia kwa pupa. Baada ya hapo simu hazikupokelewa tena. Mwenzetu mmoja alipoteza fedha ya ada ya mwanawe, na wawili walikihama kikundi kwa hasira. Kwa miezi kadhaa mikutano yetu ilikuwa kama ya msiba.

Aliyetutoa hapo ni binti wa mwenzetu mmoja aliyekuwa akisoma uhasibu chuoni. Sisi ni mama zake, lakini tulimwita Mwalimu. Hakutuambia tununue nini. Alichora safu nne kwenye daftari: mwaka, faida, gawio, bei. Akasema, jamani mama zangu, jazeni hizi kwanza ndipo tuzungumze.

TULICHOKISOMA

Tukajifunza kwamba benki hutangaza hesabu zake gazetini kila robo mwaka, na kwamba ukurasa ule tuliokuwa tunafungia maandazi ndio mizani yenyewe. Tukajifunza kuwa kampuni inapouza hisa kwa umma hutoa waraka wa matarajio wenye kueleza mpaka hatari zake. Na madalali wenye leseni wanajulikana kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, hivyo mtu anaweza kuuliza kabla ya kutoa hata senti.

Safu zile zilitufundisha subira kuliko hotuba yoyote. Hisa ya CRDB iliuzwa kwa umma kwa shilingi 150 mwaka 2009. Mwaka 2019, miaka 10 baadaye, ilikuwa chini ya hapo. Kufikia mwisho wa 2024 ilivuka 600. Aliyeuza kwa hofu aliumia. Lakini subira peke yake haitoshi: hisa ya Vodacom Tanzania iliuzwa shilingi 850 mwaka 2017, na kwa miaka baada ya hapo ilikaa chini ya bei hiyo. Ndiyo maana safu ya bei haisomwi peke yake, husomwa pamoja na ya faida.

Tukajua pia vipande vya UTT, vilivyoanza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005, na hatifungani za Serikali, ambazo kiwango cha chini ni shilingi milioni 1. Siku hizi bei za hisa zinaonekana hata kwenye simu. Ila simu hiyo hiyo ndiyo inayoleta matapeli.

UAMUZI WA 2021

Mwaka 2021 tulibishana vikali: tugawane zote mwisho wa mzunguko kama desturi, au sehemu ibaki ya muda mrefu? Bibi mmoja akauliza, "Na nikifa kabla?" Swali lile lilituzindua. Tukakubaliana kwamba kila mmoja ataamua kwa hiari yake, na kwamba hakuna jina litakaloandikwa bila jina la mrithi pembeni. Tukaongeza maswali matatu ambayo mpaka leo husomwa kwa sauti: Nani amempa leseni? Hesabu zake ziko wapi? Faida inatoka wapi? Anayeshindwa kujibu moja, fedha yetu haendi nayo.

Hatujafika. Wengi wetu bado tunasomewa, na taarifa nyingi bado ni za Kiingereza. Wafadhili wetu mnaotuuliza tunahitaji nini, jibu ndilo hilo: mtu wa kutusomea na kutufundisha kusoma, ili kila mama asimame mwenyewe mizanini.