Haki za dereva anayeshtakiwa kwa makosa ya barabarani mashariki mwa Uganda

Miji ya Jinja na Mbale ni vituo vikuu vya usafiri mashariki mwa Uganda. Malori yanayotoka bandari ya Mombasa na kuingia nchini kupitia Malaba na Busia hupita Jinja yakielekea Kampala, nayo barabara ya kutoka Tororo hupitia Mbale hadi Soroti na maeneo ya kaskazini. Miongoni mwa madereva wanaofikishwa mbele ya mahakimu wa miji hiyo wamo waendesha bodaboda, madereva wa teksi na wa malori, wakiwemo raia wa Kenya na Tanzania. Wengi wao husimama kizimbani bila wakili. Mambo yafuatayo ni ya msingi kwa anayekabiliwa na mashtaka ya aina hiyo.

Faini ya papo kwa papo

Makosa madogo, kama vile kutofunga mkanda au kuendesha gari bovu, kwa kawaida humalizwa kwa hati ya faini inayotolewa na askari wa usalama barabarani chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1998 na kanuni zake. Faini hulipwa kupitia benki kwa Mamlaka ya Mapato, si mkononi mwa askari. Anayelipa huhesabiwa kuwa amekubali kosa, na shauri halifiki mahakamani. Asiyekubali ana haki ya kupinga mbele ya hakimu.

Mfumo wa kamera na faini za kielektroniki ulizua mjadala mkali ulipoanza kutekelezwa mwezi Juni 2025. Serikali iliusitisha siku chache baadaye kufuatia malalamiko ya madereva kuhusu ukubwa wa faini na muda mfupi wa kulipa.

Saa 48 za mwanzo

Ajali iliyosababisha kifo au majeraha, ulevi, na uendeshaji wa hatari huweza kumfanya dereva akamatwe. Ibara ya 23 ya Katiba ya mwaka 1995 inataka mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu za kukamatwa kwake na haki yake ya kuwa na wakili. Ni lazima afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote kabla ya kupita saa 48. Katiba haikuondoa Jumamosi wala Jumapili katika hesabu hiyo.

Katika muda huo polisi wanaweza kumwachia kwa dhamana ya polisi, ambayo haitozwi malipo yoyote. Baada ya ajali, askari huchora ramani ya eneo la tukio, na gari hukaguliwa na mkaguzi wa magari. Nyaraka hizo mbili mara nyingi ndizo nguzo ya kesi nzima: alama za breki, upande wa barabara uliogongwa, au hitilafu ya breki huweza kuonyesha kwamba kosa halikuwa la dereva. Mwaka 2008, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba haki ya kusikilizwa kwa usawa inampa mshtakiwa, kwa jumla, haki ya kupewa kabla ya kesi ushahidi ambao upande wa mashtaka unakusudia kuutumia.

Kukiri au kukana

Lugha ya mahakama ni Kiingereza, ilhali washtakiwa wengi huzungumza Lusoga, Lumasaaba, Ateso au Kiswahili. Ibara ya 28 inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama mkalimani bila malipo. Haki hii ina uzito mkubwa zaidi pale shtaka linaposomwa. Utaratibu uliowekwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1973, katika rufaa iliyotoka Kenya ya Adan dhidi ya Jamhuri, unataka shtaka lielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Akikiri, upande wa mashtaka husoma maelezo ya tukio, naye huulizwa kama ni ya kweli. Akiyapinga kwa jambo lenye uzito, hakimu hana budi kuandika kwamba amekana.

Wapo wanaokiri ili warudi kazini haraka, kisha wakagundua kwamba kukiri kumewaletea hukumu ya jinai, na pengine kupoteza leseni. Anayetaka kukiri kwa masharti anaweza kutumia utaratibu wa makubaliano na mwendesha mashtaka, unaoongozwa na kanuni za mwaka 2016.

Dhamana ya mahakama

Mshtakiwa ana haki ya kuomba dhamana. Uamuzi ni wa mahakama. Wadhamini huhitaji kitambulisho cha taifa na, mara nyingi, barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Hapo ndipo dereva wa kigeni hukwama, kwa kuwa hana ndugu wala jirani karibu. Mwajiri wake, au dereva mwenzake mwenye makazi Uganda, huweza kuwa msaada wa kwanza. Kwa makosa yanayosikilizwa na mahakama za chini, mtu aliyekaa rumande siku 60 kabla ya kesi kuanza hupaswa kuachiwa kwa masharti yanayofaa.

Wakili na rufaa

Serikali hulazimika kugharimia wakili pale tu adhabu inapoweza kuwa kifo au kifungo cha maisha, hivyo kesi nyingi za barabarani haziingii humo. Chama cha Mawakili cha Uganda huendesha mradi wa msaada wa kisheria kwa wasiojiweza.

Aliyehukumiwa ana siku 14 za kutoa taarifa ya rufaa. Kwa makosa madogo, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2000 inamruhusu hakimu kuagiza kazi za umma badala ya kifungo. Nayo Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya mwaka 2019 inamfanya afisa anayekiuka haki za mshtakiwa awajibike yeye binafsi.