Ukuta wa udongo juu ya Danube

Wandugu, sisi wa agronomie tunaangalia udongo mbele ya kuangalia mawe. Njo maana nilipopanda kilima cha Heuneburg, kusini mwa Ujerumani, bonde la Danube na mashamba yake havikunishika sana. Nilisimama kwa ukuta. Karibu mwaka 600 kabla ya Kristo, Wakelti waliujenga kwa matofali mabichi, ya kukaushwa na jua tu, juu ya msingi wa mawe ya chokaa, kimo kama metre 4, wakaupaka cheupe. Ufundi ule ni wa watu wa Mediterane. Kaskazini ya Alpes haukuwa na mwenzake.

Mtu atasema: udongo, na mvua ya kule? Lakini ulisimama vizazi viwili na zaidi. Msingi ulizuia maji ya chini, chokaa ikazuia ya juu. Huku kwetu nyumba ngapi zinaanguka kwa kukosa msingi tu?

Moto mkubwa njo uliumaliza mji, kama mwaka 530. Wakajenga tena, ila kwa miti na udongo, namna ya wazee wao. Matofali hayakurudi.