Kubadili Njia ya Uzazi wa Mpango na Hesabu ya Twahara: Wanawake Waislamu wa Tarime na Serengeti

Historia ya uzazi wa mpango nchini Tanzania imezoeleka kuandikwa kama historia ya upatikanaji wa huduma. Huanza na kuundwa kwa UMATI mwaka 1959, hupitia mwaka 1974, huduma zilipounganishwa na afya ya mama na mtoto, na hufika kwenye Programu ya Taifa ya mwaka 1989 na Sera ya Idadi ya Watu ya mwaka 1992. Katika masimulizi hayo, mwanamke aliyeacha vidonge akachoma sindano amebadili njia tu. Kwa mwanamke Mwislamu wa Sirari, Tarime mjini au Mugumu, badiliko hilo liligusa pia swala, saumu, unyumba na, ndoa ilipovunjika, eda.

Waislamu ni wachache katika wilaya hizi za Wakurya, Wangoreme, Waikoma na Wanata. Hata istilahi huleta utata: kwa wenyeji wengi, tohara ni jando, na ndiyo sababu hapa linatumika neno twahara. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, yameiwekea hedhi mipaka ya hesabu: haipungui usiku na mchana mmoja, haizidi siku 15, na twahara kati ya hedhi mbili haipungui siku 15. Damu inayovuka mipaka hiyo ni istihadha; mwenye nayo huswali, hufunga, wala mumewe hazuiliwi kwake.

Vidonge vyenye homoni mbili havikuivuruga sana hesabu hiyo, kwa kuwa damu hutoka katika siku zinazojulikana za kila pakiti. Sindano ya miezi mitatu ni jambo jingine. Mwanzoni damu hutoka kwa matone, bila mpangilio. Baadaye, kwa wanawake wengi, hukoma. Kliniki huyaita hayo maudhi madogo madogo, na kwa kipimo cha tabibu tamko hilo ni sahihi. Lakini mwenye damu siku ya 12 huacha swala bila kujua hukumu yake ya mwisho. Damu ikivuka siku ya 15, hurejea kwenye ada yake ya zamani na kulipa swala za siku zilizozidi. Na ada hiyo ni ya njia aliyokwisha kuiacha.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika eda. Mtalaka mwenye kupata hedhi huhesabu twahara tatu. Minhaj al-Talibin ya al-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, yaeleza kwamba aliyekatikiwa damu kwa sababu inayojulikana, kama kunyonyesha au maradhi, husubiri irejee au afikie umri wa kukoma hedhi. Kuilinganisha sindano na kunyonyesha ni kiasi chenye mantiki, lakini athari yake ni nzito: damu huweza kuchelewa miezi mingi baada ya sindano ya mwisho, na katika talaka rejea mume hubaki na haki ya kumrejea mkewe muda wote huo, naye mke hawezi kuolewa kwingine. Kwa jirani yake Mkurya, mwisho wa ndoa hutazamwa zaidi katika marejesho ya ng'ombe wa mahari, hivyo si ajabu mhudumu aliyelelewa katika desturi hiyo asiulize habari za eda anapomshauri mteja abadili njia. Kadi ya kliniki huonyesha tarehe ya sindano na tarehe ya kurudi. Sheikh anayeamua eda huuliza siku za damu.